Kituo cha lugha: Usilipe kodi ya chumba kabla ya kupata wanafunzi 14

KILA ifikapo Septemba, watoto wa darasa la saba Tanzania Bara wakishamaliza mtihani wao wa taifa, huanza msimu ambao haumo katika kalenda ya kilimo ingawa wakulima wengi huulipia. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu miongoni mwa mengine. Januari anaingia kidato cha kwanza na kukuta Hisabati, Baiolojia na Jiografia zote zinafundishwa kwa Kiingereza. Kati ya hapo kuna miezi mitatu hivi, na mzazi aliyeuza magunia mawili matatu ya mahindi hutafuta mahali pa kumpeleka mwanawe asije akakaa nyuma ya darasa akinakili asichokielewa.

Hiyo ndiyo asili ya madarasa ya "prifomu wani" ambayo siku hizi yametapakaa hadi katika miji midogo ya wilaya. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa katika shule za sekondari za serikali kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, watoto wanaovuka kwenda sekondari wameongezeka, na pamoja nao wazazi ambao wao wenyewe hawakufika huko na hawawezi kumsaidia mtoto nyumbani.

Wateja hawaishii hapo. Wapo vijana waliomaliza kidato cha nne Novemba, ambao hata wakichaguliwa kuendelea hawaingii kidato cha tano hadi Julai. Wapo wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii na wauza vinyago. Wapo wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou na kuchoka kuongea kwa kikokotoo. Kwa mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo mkononi, au kijana aliyehitimu ualimu na kukosa ajira, kituo cha lugha kinaonekana kuwa biashara isiyo na hasara: hakuna mzigo wa kuoza, hakuna mifugo ya kufa, na mtaji mkubwa uko kichwani.

Lakini vituo hivi hufungwa kwa wingi kama vinavyofunguliwa, na mara nyingi huanguka kwa namna moja. Mwenye kituo hupangisha chumba, hulipa kodi ya miezi sita, hununua viti, huchora bango kubwa barabarani. Mwezi wa kwanza watu wanajaa. Mwezi wa pili wanapungua nusu. Mwezi wa tatu mwalimu anadai mshahara, na mwenye kituo anachukua tena katika kiinua mgongo kulipia darasa la watu wanane.

Hesabu ya chumba kimoja

Ili kuelewa kinachotokea ni lazima kukaa chini na kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, kila mji una bei zake, lakini namna ya kupiga hesabu haibadiliki.

Tuseme chumba kinapangishwa sh. 150,000 kwa mwezi. Darasa linasoma saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, yaani saa 40 kwa mwezi, na mwalimu analipwa sh. 5,000 kwa saa. Hiyo ni sh. 200,000. Fotokopi na kalamu za ubao sh. 40,000. Umeme, maji na usafi sh. 20,000. Jumla ni sh. 410,000, na mwenye kituo mwenyewe bado hajajilipa hata senti.

Ada ikiwa sh. 30,000 kwa mwezi na wanafunzi wakiwa 20, yanaingia sh. 600,000 na kubaki sh. 190,000. Si haba. Wakibaki 14, yanaingia sh. 420,000 na kubaki sh. 10,000, ambayo ni nauli. Wakiwa 13 tayari ni hasara ya sh. 20,000, na wakiwa tisa hasara inafika sh. 140,000. Mwanafunzi anapoacha, ada yake yote inaondoka lakini gharama zinabaki palepale. Mwalimu hulipwa saa ileile awe mbele ya watu 20 au mbele ya watu tisa, na mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu viti viko wazi.

Hapa kituo cha lugha kinatofautiana na genge. Mwenye genge akiona nyanya hazitoki, kesho ananunua tenga moja badala ya mawili. Mwenye kituo hawezi kufundisha nusu ya somo.

Kwa hesabu hii, idadi ya kuanzia ni 14. Mjasiriamali makini hasaini mkataba wa chumba mpaka awe na majina 14 yaliyokwishalipa mwezi wa kwanza. Majina yaliyoandikwa bila kulipa hayahesabiwi, kwani kila mtu mtaani atasema anakuja. Kabla ya hapo kuna njia ya kufundishia isiyohitaji kodi: chumba cha shule ya msingi baada ya watoto kutoka, ukumbi wa kanisa, au darasa la madrasa katika saa ambazo halitumiki. Wengi hukubali kulipwa kwa saa au kwa mwezi bila malipo ya awali, mradi pafagiliwe na viti virudishwe mahali pake. Kama 14 hawakutimia ndani ya wiki tatu, waliolipa warudishiwe fedha zao mchana kweupe. Mtu aliyerudishiwa fedha yake bila kusumbuliwa hulitangaza jina la mwalimu vizuri kuliko bango.

Faida yenyewe hutoka katika darasa la pili. Likiongezwa darasa jingine la watu 20 katika chumba kilekile, kodi na umeme havibadiliki, hivyo gharama inakuwa sh. 650,000 dhidi ya mapato ya sh. 1,200,000. Zinabaki sh. 550,000, karibu mara tatu ya zilizobaki kwa darasa moja. Chumba kinachotumika saa mbili kwa siku ni sawa na trekta linalolima ekari moja na kulala. Watoto wa prifomu wani wasome asubuhi, vijana wa kidato cha nne mchana, na wafanyakazi na wenye maduka kuanzia saa 12 jioni. Watoto, hasa wasichana, wasipangiwe jioni hata kama nafasi iko wazi. Mzazi akiona mwanawe anarudi gizani atamtoa, na atakuwa na haki.

Bango la miezi mitatu

Sasa, kwa nini wanafunzi huacha mwezi wa pili? Sababu zipo nyingi, lakini kubwa imeandikwa kwenye bango la kituo chenyewe: "Ongea Kiingereza kwa miezi mitatu."

Walimu wa lugha duniani hupima maendeleo ya mwanafunzi kwa ngazi sita zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, kuanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu kabisa. Kwa makadirio ya Cambridge, taasisi ya Uingereza inayotunga mitihani ya Kiingereza, mtu huhitaji saa 90 hadi 100 za kufundishwa ili kumaliza A1, ambayo ni kujitambulisha, kuuliza bei na kuelewa maelezo mafupi yakisemwa polepole. A2 hufikiwa kwa saa 180 hadi 200. B1, ambayo ni ngazi ya mtu anayeweza kujieleza bila kusaidiwa katika mambo ya kawaida ya kazi na safari, huchukua saa 350 hadi 400. Saa hizi zinahesabiwa tangu mwanzo kabisa, na mwanafunzi anatakiwa kujisomea nyumbani pia.

Darasa la saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12, ni saa 120. Mwanafunzi aliyeanza na sifuri anakuwa amepita ngazi ya kwanza na yuko njiani kwenda ya pili. Ili afike B1 kwa mwendo huo anahitaji miezi tisa hadi kumi. Hakuna ujanja wa kufupisha hapo isipokuwa kuongeza saa.

Mwanafunzi hajui hesabu hii. Anachojua ni kwamba aliahidiwa kuongea, mwezi mmoja na nusu umepita, na mzungu alipomsimamisha stendi kuuliza njia alibabaika. Anajiona yeye ndiye mzito wa kichwa, anaona haya, anaacha kuja. Hadai fedha zake wala halalamiki, na mwenye kituo hajui amempoteza kwa sababu gani.

Dawa yake ni kuuza kile kinachoweza kufikishwa. Saa 40 za kwanza zinatosha kumfanya mhudumu ampokee mgeni, amwoneshe chumba, ataje saa ya chai na kuelewa mgeni anaposema maji ya moto hayatoki. Hilo liandikwe, lifundishwe, na mwisho wa mwezi lipimwe mbele ya watu. Mzazi wa mtoto wa prifomu wani aitwe kusikiliza. Akija na swali lake, "Mwalimu, shikamoo, mwezi umeisha, mbona huyu hajaanza kuongea?", asijibiwe kwa maneno. Mtoto asimame aeleze kwa Kiingereza shamba lao liko wapi, linalimwa nini, na nani anakamua ng'ombe. Mzazi huyo hata kama haelewi neno, atasikia mwanawe anatiririka dakika mbili, na ada ya mwezi wa pili itatoka bila kubembelezwa.

Sababu ya pili ya kuacha ni kuchanganya watu. Aliyemaliza kidato cha nne akikalishwa na asiyejua kuhesabu hadi ishirini, mmoja atachoka na mwingine ataogopa, na wote wawili wataondoka. Mazungumzo ya dakika kumi na kila anayejiandikisha, kabla ya kupokea fedha yake, yanatosha kumweka anapostahili. Ikiwa watu wa ngazi moja hawajatosha darasa, ni afadhali kuwaambia wasubiri.

Ya tatu ni fedha kuja kwa wakati mbaya, na hili linahitaji kutazamwa kwa jicho la mkulima.

Ada na msimu

Uchukuliwe mji kama Karatu, mkoani Arusha. Barabara ya watalii wanaokwenda Ngorongoro inapita katikati yake, na pande zote kuna mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi, huku bonde la Mang'ola likijulikana kwa vitunguu. Mji huo una wateja wa aina mbili wenye kalenda mbili tofauti. Madereva, wapishi na wahudumu wa hoteli wana fedha kuanzia Juni hadi Oktoba, watalii wanapokuwa wengi, lakini hawana muda hata wa kulala. Masika, kati ya Machi na Mei, muda wanao lakini mifuko imekauka. Mkulima wa vitunguu naye ana fedha siku ya mauzo, na baada ya wiki chache zimekwenda kwenye mbegu, karo na bati.

Kituo kinachodai sh. 30,000 kila tarehe mosi, kana kwamba wateja wote ni watumishi wa serikali, kitawakosa wote wawili. Mhudumu wa hoteli anapaswa kulipishwa Agosti kwa masomo ya Machi, kidogokidogo, kwa M-Pesa, na kupewa punguzo kwa kulipa mapema. Mkulima akija siku ya mauzo alipe miezi mitatu kwa mkupuo. Wenye maduka wanaoshika fedha kila siku wanaweza kulipa kila siku ya mnada au gulio. Wapo watakaoomba kusoma kwa mkopo hadi mavuno. Wakubaliwe wachache, wale ambao mtu wa tatu anayejulikana anawadhamini, kwa sababu somo likishafundishwa halirudishwi kama debe la maharage.

Hata hivyo ada ya mapema ina hatari yake, na ndiyo iliyowamaliza wengi waliopona kwenye kodi ya chumba. Fedha iliyolipwa Agosti kwa masomo ya Machi ni deni. Mwenye kituo akiitumia kununua pikipiki, amefanya alichofanya mkulima aliyeuza mahindi yakiwa bado mabichi shambani: mavuno yatakapofika, kazi yote ni yake na gunia ni la mtu mwingine. Machi italazimu alipe mwalimu na kodi bila kuingiza shilingi. Fedha za namna hiyo zikae katika akaunti ya peke yake, na zitolewe mwezi kwa mwezi kadiri masomo yanavyofundishwa.

Masharti ya kurudishiwa ada yawe yameandikwa kwenye risiti yenyewe, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: akiacha ndani ya wiki ya kwanza anarudishiwa kiasi gani, baada ya hapo kiasi gani, na kituo kikishindwa kuendelea inakuwaje. Ugomvi wa ada ukifika kwa mtendaji wa kata, aliyeandika ndiye anayesikilizwa.

Daftari la mahudhurio nalo ni daftari la fedha. Mwanafunzi akikosa siku mbili mfululizo apigiwe simu siku hiyohiyo. Akikosa wiki nzima, kumrudisha ni kazi.

Mwalimu asiyejua lugha yako

Mwaka 1878 mhamiaji kutoka Ujerumani, Maximilian Berlitz, alifungua shule ya lugha katika mji wa Providence, Marekani. Alihitaji msaidizi wa kufundisha Kifaransa, akamwajiri Nicholas Joly, na alipofika akabaini kwamba hajui Kiingereza, lugha ya wanafunzi wake. Berlitz mwenyewe alikuwa mgonjwa, hivyo akamwachia darasa na kumwambia afundishe kwa kuonesha vitu na kuigiza vitendo. Kwa simulizi ambayo shule hizo zimeishi nayo tangu wakati huo, baada ya wiki sita Berlitz alirudi akitarajia malalamiko, akakuta wanafunzi wanaulizana na kujibizana kwa Kifaransa. Kutokana na tukio hilo alijenga utaratibu wa kufundisha lugha kwa lugha yenyewe, na jina lake likaenea nchi nyingi.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa na wanaofungua vituo hapa kwetu, kwa sababu madarasa mengi ya Kiingereza bado yanaendeshwa kinyume chake. Mwalimu anasimama ubaoni saa nzima akieleza kwa Kiswahili majina ya nyakati za vitenzi. Mwanafunzi anatoka akiwa na daftari zuri, anaweza kutaja wakati uliopita timilifu, na hawezi kuomba tiketi ya basi. Kipimo chepesi cha somo ni kuhesabu nani alizungumza zaidi. Mwalimu akizungumza dakika 90 kati ya 120, wanafunzi 20 wamegawana nusu saa, dakika moja na nusu kila mmoja.

Kwa hiyo anapotafutwa mwalimu, cheti kitazamwe lakini apewe darasa la majaribio la nusu saa. Mtu mwenye shahada anayependa kusikika mwenyewe atakiua kituo. Kijana wa kidato cha sita mwenye subira na uchangamfu, akielekezwa, anaweza kukijaza.

Vifaa vya kufundishia visiwe vitabu vya kunakiliwa. Kufotokopi kitabu kizima cha mtu na kuwauzia wanafunzi ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na pia vitabu vingi vya nje vinazungumzia treni za chini ya ardhi na theluji. Karatasi bora zimo mjini: orodha ya vyakula ya hoteli, fomu ya benki, maelezo ya sola, kibandiko cha dawa ya nyanya. Darasa la wakulima linaweza kukaa wiki nzima na kibandiko kimoja, likisoma kipimo cha kuchanganya, siku za kusubiri kabla ya kuvuna na alama za hatari. Maneno hayo yana faida shambani kesho yake. Somo likiandikwa na kuhifadhiwa kwenye faili la kituo, mwalimu akiondoka somo linabaki.

Naye ataondoka, hilo lisiwe na shaka. Mwalimu anayependwa huja kugundua kwamba wanafunzi 20 wanaolipa sh. 30,000 wanaleta sh. 600,000 huku yeye akipata 200,000, na mtaa wa pili kuna chumba. Mkataba wa kumzuia asifundishe popote ni mgumu kuusimamia na hujenga uadui. Kinachofanya kazi zaidi ni kumlipa siku ileile aliyoahidiwa kila mwezi, na kumwongezea kiasi fulani kwa kila mwanafunzi aliyemaliza ngazi. Akiwa na sababu yake mwenyewe ya kuwafikisha wanafunzi mwisho, ataanza kuwapigia simu hata kabla hajaambiwa.

Kichina, Kijerumani na Kiswahili kwa wageni

Wenye kufikiria lugha nyingine wapime kwanza nani yuko jirani. Kichina kinafundishwa na Taasisi za Confucius katika Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013. Kifaransa kina Alliance Française, Kijerumani kina Goethe-Institut. Kushindana nao kwa vyeti ni kujichosha. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo haendi kutafuta cheti. Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wake hukadiria saa 2,200 ili mzungumzaji wa Kiingereza amudu Kichina kikazi. Mwenye duka la viatu hana saa hizo wala hazihitaji. Anahitaji namba, bei, rangi, vipimo, siku za kupakia mzigo na namna ya kusema "hii si sampuli niliyooneshwa". Kozi ya saa 40 ya namna hiyo, ikitolewa alfajiri kabla ya maduka kufunguliwa, ni bidhaa ambayo taasisi kubwa haiwezi kuitoa kwa wepesi.

Kiswahili kwa wageni kina sifa nyingi siku hizi. SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, UNESCO mwaka 2021 ikatangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Heshima hiyo ni njema, ila haimleti mwanafunzi mlangoni. Wageni wanaolipa ni wale waliokuwapo zamani: wamisionari, watafiti, wafanyakazi wa mashirika, wanafunzi wa vyuo vya nje na wanaooa au kuolewa huku. Zanzibar, TAKILUKI, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa (SUZA), imekuwa ikiwafundisha tangu miaka ya 1970, na Makoko mjini Musoma wamisionari wamesoma tangu miaka ya 1960. Mgeni hulipa kwa saa zaidi ya mwenyeji, lakini ni wachache na huja kwa misimu.

Tena kuzaliwa na Kiswahili hakutoshi kukifundisha. Mgeni atauliza kwa nini ni "kitabu hiki" lakini "kiongozi huyu", na kwa nini "mwalimu wangu" lakini "rafiki yangu". Mwenyeji ambaye hajawahi kujiuliza atajibu kwamba ndivyo tunavyosema, na mgeni atatafuta mwalimu mwingine. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) huendesha mafunzo mafupi kwa wanaotaka kufundisha wageni, na ni vema kuyapitia kabla ya kutundika bango.

Wanaofundisha kwa intaneti kupitia majukwaa kama italki na Preply hawahitaji chumba kabisa, ingawa majukwaa hayo hukata asilimia yake, na bando na umeme ni juu ya mwalimu. Tatizo jingine ni saa. Mwanafunzi wa Chicago anayetoka kazini saa 12 jioni, huku kwetu ni saa nane au tisa usiku. Wa Ulaya wana nafuu, jioni yao ni jioni yetu au usiku wa mapema.

Vibali

Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni ya biashara hutoka halmashauri. Pale TRA mwombaji aulize mapema atakadiriwa vipi, asidhani kwamba huduma ya mafunzo itatazamwa kama duka la rejareja. Neno "shule" kwenye bango lina uzito wake: shule husajiliwa kwa Sheria ya Elimu ya 1978, na mwenye kufundisha kozi fupi za lugha ni heri ajiite kituo na kwenda kwa ofisa elimu wa wilaya kueleza anachofanya kabla hajafuatwa. Anayetaka kozi zake ziingie katika mfumo rasmi wa mafunzo ya ufundi atakutana na NACTVET. Akimwajiri mwalimu mgeni, hata yule kijana wa Ulaya anayejitolea kwa wiki mbili, aulize kwanza habari za kibali cha kazi. Cheti cha kituo kiseme tu ukweli: jina, saa alizohudhuria, na anachoweza kufanya kwa lugha hiyo.

Mwenye kuweka tegemeo lake kwenye prifomu wani ana jambo jingine la kufuatilia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Watoto watakaokuja vituoni watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja, na masomo ya saa mbili mfululizo yatawachosha mapema. Aidha, katika mabadiliko ya namna hiyo huwapo mwaka ambao madarasa mawili humaliza pamoja. Mwaka huo wateja wataongezeka ghafla na mwaka unaofuata watarudi kama zamani, hivyo chumba cha pili kikodiwe kwa miezi ileile mitatu, kwa saa, kama kilivyokodiwa cha kwanza.